Tusife kwa Hofu ya Kufa

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba makaburi hayako mbali na nyumba. Mtu afunguapo mlango wake asubuhi hukiona kibanja alichorithi, migomba na mibuni, na katikati ya migomba hiyo wamelala babu yake, bibi yake, pengine na ndugu aliocheza nao utotoni. Watoto hupita hapo wakienda kuchota maji, na kuku huparura kando ya msalaba. Mgeni atokaye mbali aweza kudhani kwamba watu wanaokaa jirani namna hii na wafu wao hawakiogopi kifo tena. Sivyo. Wamo miongoni mwao, kama walivyo kila mahali nchini mwetu, watu ambao wazo la kufa limewashika hata haliwaachi kula, kulala wala kufanya kazi.

Habari hii husemwa kwa nadra. Mwenye kuumwa na jino husema, mwenye homa husema, lakini mwenye kuogopa kufa huona haya. Mwanamume huchelea kuitwa mwoga. Mkristo huchelea kuambiwa kwamba hana imani. Mama huchelea kuwatia watoto wasiwasi. Basi kila mmoja hunyamaza na hofu yake, akidhani kwamba ni yeye peke yake duniani. Kwa sababu hiyo twaona yafaa leo tuifanye hofu hii kuwa somo letu: ni kitu gani, yatoka wapi, yafanyaje madhara, na mtu aliyeshikwa nayo afanye nini.

Hofu mbili

Yatupasa kwanza tupambanue hofu mbili. Ya kwanza ni hofu ya kawaida, ambayo kila mwenye uhai ameumbwa nayo. Hiyo ndiyo imfanyayo mvuvi wa Kemondo atazame mawingu kabla ya kusukuma mtumbwi wake majini, na imfanyayo mama ampeleke mtoto mwenye homa zahanati mapema, asingoje mpaka adegedege. Hofu hii ni mlinzi mwema. Huamka panapo hatari, hutuhimiza tutende jambo, kisha hulala.

Hofu ya pili hailali. Ni kama mbwa abwekaye usiku kucha kwa kila jani linaloanguka, hata mwenye nyumba akose usingizi, na siku mwizi wa kweli ajapo asijulikane. Mbwa yuleyule aliyewekwa kulinda nyumba sasa ameigeuza kuwa mahali pasipokalika.

Tutoe mfano. Mtu huyu tumemtunga sisi, lakini hali yake haikutungwa. Wauguzi na waganga huiona mara kwa mara. Ni mkulima wa kahawa huko Muleba, baba wa watoto wanne, umri wake miaka 42. Usiku mmoja, majuma machache baada ya kumzika rafiki yake, aliamka ghafula moyo ukienda mbio, kifua kimebana, vidole vimekufa ganzi, jasho lamtiririka. Akawaza, "Sasa nakufa." Mkewe aliwaamsha majirani, wakampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Huko alipimwa, hakuonekana na ugonjwa, akarudi nyumbani. Baada ya juma moja yakamrudia yaleyale.

Tangu hapo hushika mshipa wa mkono wake mara nyingi kwa siku, ahesabu mapigo. Haendi tena matangani. Redio ianzapo kusoma matangazo ya vifo, huizima. Amekataa kuvuka ziwa kwenda Mwanza kumwona dada yake aliye mgonjwa. Na kila jioni humwuliza mkewe, "Waonaje, uso wangu ni wa mtu mzima?" Mkewe humjibu, "U mzima kabisa, baba watoto." Naye hutulia kwa muda wa saa moja, kisha huuliza tena.

Mwili ufanyavyo

Ni nini kimempata baba huyu? Si wazimu, wala si uongo. Juu ya kila figo la mwanadamu pana tezi ndogo. Hatari ionekanapo, ubongo huziamuru tezi hizo zimwage katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Papo hapo moyo huenda mbio ili misuli ipate damu ya kutosha kukimbia au kupigana, pumzi huongezeka, jasho hutoka ili mwili upoe, tumbo huacha kazi yake, ndipo mtu huona kichefuchefu. Yote hayo ni msaada mkubwa kwa mtu aliyekutana na chui njiani. Lakini mwili haupambanui vema chui aliye mlangoni na chui aliye katika mawazo. Mtu alalaye kitandani akiliwaza jeneza lake aweza kuyaamsha mambo yayo hayo.

Na kwa kuwa hakimbii wala hapigani, pumzi ile nyingi haina kazi. Avutapo na kutoa hewa kwa haraka, kaboni dioksaidi hupungua mno katika damu yake, ndipo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, na kubanwa kifua. Naye azionapo dalili hizo husema, "Hakika nakufa," na wazo hilo huleta adrenalini nyingine. Hivyo hofu hujilisha yenyewe.

Waganga huiita hali hii shambulio la hofu. Linatisha mno, walakini yafaa kila mtu ajue mambo mawili juu yake. La kwanza, mara nyingi hufika kileleni katika muda wa dakika kumi hivi, kisha hushuka, kwa maana mwili hauwezi kubaki kileleni siku nzima. La pili, shambulio lenyewe haliui. Hatusemi kwamba kila maumivu ya kifua ni hofu. Ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, au sukari iliyoshuka vyaweza kuleta dalili zinazofanana na hizo. Kwa hiyo atokewaye na mambo haya kwa mara ya kwanza sharti apimwe na mganga. Lakini akiisha kupimwa vizuri na kuonekana mzima, ajue kwamba adui yake sasa ni mwingine.

Mtafunwa na nyoka

Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Watu wa Bukoba na Muleba wametafunwa mara nyingi, na asiyejua historia yao asiwahukumu kwa kushtuka.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wakaikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Vita vilipokwisha, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kujulikana katika Tanzania walionekana katika mkoa huu wa Kagera. Watu hawakuwa na jina la ugonjwa ule. Wakauita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fahari kilicholetwa na wafanya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi, na katika Muleba na vijiji vya Bukoba karibu mmoja kati ya kumi. Ziko familia zilizozika juma hili na juma lililofuata, mpaka bibi akabaki peke yake na wajukuu.

Jeraha hilo halijapona, tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikazama ilipokuwa yakaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430, nayo ilikuwa imejaa kupita kiasi hicho. Mamia ya watu walikufa. Wengi wao walizikwa Igoma, Mwanza, mbali na migomba ya baba zao. Nasi twajua msiba wa namna hiyo ulivyo mzito kwa watu waliozoea kuwalaza wafu wao nyumbani.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliwaua watu wasiopungua 17, likabomoa nyumba nyingi na kuyaharibu majengo ya shule ya Ihungo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Katika watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa na 24 wakaokoka, wavuvi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia kwa mitumbwi yao. Kisha tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Bukoba.

Twayahesabu haya ili mtu aliyeshikwa na hofu ajue kwamba hofu yake haikutoka hewani. Ina mizizi katika mambo yaliyoonekana kwa macho. Lakini yatupasa pia tumwambie neno la pili: kwamba jambo moja liliwahi kutokea, hiyo si hati ya kwamba litatokea leo, wala kwamba litatokea kwake.

Hofu inavyoua

Mtu aliyeshikwa na hofu hutafuta raha kwa njia tatu, nazo zote tatu humlaghai.

Njia ya kwanza ni kukimbia. Asiposikia matangazo ya vifo, asipokwenda matangani, asipopanda meli, hupata nafuu papo hapo. Lakini kila akimbiapo hujifunza kwamba alikuwa na haki ya kukimbia, na kesho hukimbia mbali zaidi. Jana aliogopa meli, leo aogopa hata kuliona ziwa, kesho ataogopa kutoka kibanjani. Njia ya pili ni kuuliza-uliza. Baba yule hutulizwa na mkewe kwa saa moja, na waganga kwa juma moja. Utulivu wa kuazima hurudishwa pamoja na riba. Njia ya tatu ni kumtafuta mchawi, ambapo hofu hupewa uso wa jirani. Mtu huuza mbuzi, kisha shamba, na undugu huvunjika; hofu yenyewe haiondoki, ila imepata mwenziwe, nayo ni chuki.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa la somo letu. Hofu inayotawala huiba uhai uleule inaodai kuulinda, na wakati mwingine humpeleka mtu kufa mapema. Mficha maradhi, kilio humfichua. Katika miaka ile ya mwanzo ya UKIMWI dawa haikuwako, na mtu aliyekataa kupimwa angeweza kusema, "Nikijua, itanifaa nini?" Lakini tangu mwaka 2004 serikali yetu ilianza kutoa dawa za kupunguza nguvu za virusi bila malipo. Anayejua hali yake na kumeza dawa kila siku aweza kuishi mpaka uzee, kuwalea wajukuu wake, na virusi vyake vikifubazwa hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Hata hivyo wangali wapo watu wasiokwenda kupimwa, kwa sababu neno "kifo" limesimama mlangoni mwa chumba cha vipimo. Watu hao hawauawi na kukosa dawa, kwa maana dawa ipo. Wauawa na hofu ya kufa.

Tazameni sasa mfano wa kinyume chake, ule wa Marburg wa mwaka 2023. Ugonjwa ule ni mkali. Hauna chanjo wala dawa maalumu iliyothibitishwa. Waliougua walikuwa tisa, na sita kati yao walikufa, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Watu 212 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa, na desturi ni kumwangalia kila mmoja kwa siku 21, akipimwa joto na kuulizwa hali yake. Hatudhani kwamba watu hao hawakuogopa. Waliogopa, na walikuwa na sababu. Lakini hofu yao iliwapeleka mbele ya wahudumu, haikuwapeleka mafichoni. Tarehe 2 Juni mwaka huohuo ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Hofu ni ileile. Ya mmoja hutoka nje ikatenda kazi, ya mwingine hujificha ndani ikaozesha nyumba.

Njia ya kutoka

Mtu aliyeshikwa afanye nini basi? Twaeleza hatua ambazo waganga wa akili wamezijaribu na kuziona kuwa na faida.

1. Apimwe mara moja, kwa ukamilifu. Amweleze mganga kila kitu, pamoja na hofu yenyewe. Akiisha kuambiwa ni mzima, asizunguke hospitali tano kutafuta jibu la sita.

2. Aitaje hofu kwa jina lake. Amwambie mtu mmoja amwaminiye: mke, kaka, rafiki, padre, "Mimi naogopa kufa, na hofu hii imenizidi." Watu wengi hushangaa kuona kwamba neno walilolificha miaka mitatu lilihitaji dakika moja tu kusemwa, na kwamba msikilizaji hakucheka.

3. Alikalie wimbi. Shambulio lijapo, asikimbie nje wala asipigane nalo. Akae, miguu yake ikanyage chini, avute pumzi polepole kwa puani akihesabu mpaka nne, aitoe polepole akihesabu mpaka sita, aendelee hivyo. Ajiambie, "Hili ni shambulio la hofu. Limekuja, litapita." Ajuaye kuogelea hajitupi juu ya wimbi, huacha limwinue na kumshusha.

4. Akikaribie anachokikimbia, hatua kwa hatua. Hii ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote. Baba wa mfano wetu aanze kwa kuacha redio isome matangazo ya vifo mpaka mwisho, naye amekaa pale pale. Akiisha kuzoea, aende mchana pamoja na mkewe kwenye kaburi la rafiki yake, alipalilie. Kisha aende matangani kwa nusu saa, baadaye kwa siku nzima. Kisha ashuke bandarini Bukoba kuitazama tu meli ikipakia. Mwisho asafiri. Katika kila hatua asiondoke hofu ingali kileleni, angoje ishuke. Hapo mwili hujifunza kwa matendo somo ambalo maneno elfu hayawezi kuufundisha.

Lakini hofu njema tusiitupe. Baada ya ile ajali ya 1996 wengi waliapa kutosafiri tena majini. Walakini meli zimeendelea kuvuka ziwa, na mwaka 2020 MV Victoria ilirudi majini baada ya kutengenezwa upya. Mwenye busara hupanda, huku akiangalia boya la kujiokolea liko wapi. Na akiona chombo kimejaa kupita kiasi, hushuka, hata nauli ikipotea. Huko si kushindwa na hofu. Huko ni kumsikiliza mlinzi aliye macho kwa haki.

5. Wa nyumbani wasimlishe hofu. Maneno mawili humdhuru mgonjwa. Moja ni, "Acha woga, wewe ni mwanamume!" maana humrudisha katika kimya. Jingine ni lile jibu jema la kila jioni, "U mzima kabisa," maana humfanya alihitaji tena kesho. Mke na mume na wapatane mchana, hofu ikiwa imelala. Jioni mume aulizapo, mke ajibu kwa upole, "Tulikubaliana nisijibu swali hilo. Njoo, tukae pamoja mpaka lipite." Hivyo hamwachi peke yake, wala haipi hofu chakula.

6. Ayatengeneze mambo yake. Wako wanaoamini kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Karatasi haimwui mtu. Walakini kukosekana kwa karatasi hiyo kumewafukuza wajane wengi vibanjani, na kuwagombanisha ndugu juu ya mipaka ya migomba. Andika, mbele ya mashahidi, mke wako atakaa wapi na watoto watasomaje. Sehemu kubwa ya hofu ya mzazi si hofu ya kufa kwake, bali ya watakaobaki. Hiyo yaweza kupunguzwa kwa kalamu.

7. Asitibu hofu kwa pombe. Pombe hutuliza jioni, ikaiongeza hofu alfajiri, nguvu yake inapotoka mwilini. Na hatua hizi zisipotosha, arudi kwa mganga na kuomba apelekwe kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Yako matibabu ya mazungumzo, na ziko dawa, na hakuna aibu katika yote mawili. Lakini mtu akianza kusema kwamba heri afe kuliko kuendelea kuogopa, jamaa wasimwache peke yake hata kidogo; wampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Watoto nao

Wazee wengi hudhani kwamba mtoto haelewi kifo, basi humdanganya: "Mama amesafiri." Mtoto hungoja mama arudi, asiporudi, huanza kuogopa kila safari na kila usingizi. Muleba imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Huko Nshamba, katika miaka ile ambayo yatima walikuwa wengi, ulianzishwa mradi uitwao Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Walimu na walezi walifunzwa kumsikiliza mtoto, wasimnyamazishe. Na vijana yatima wakaunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, ili wasaidiane. Katika nchi jirani ya Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wenye virusi, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wetu ni huu, ulizaliwa siku hii, baba yako alipenda hiki. Ili kukiandika kitabu hicho, mama alipaswa kwanza kumwambia mtoto ukweli juu ya ugonjwa wake.

Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Moshi katika nchi yetu na Bungoma katika Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Kundi moja lilikutana na washauri wa kawaida wa mitaa na vijiji, waliofunzwa kazi hiyo ingawa si waganga, katika mikutano 12 ambamo mtoto alisaidiwa kidogo kidogo kuisimulia habari ya kifo cha mzazi wake mpaka aweze kuisema bila kutetemeka. Katika sehemu nyingi za uchunguzi huo watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao. Somo ni lilelile tulilolitoa kwa watu wazima: jambo lisemwalo hupungua, lifichwalo hukua. Basi mtoto na aambiwe kwa maneno mafupi na ya kweli: "Mama amekufa. Hatarudi hapa nyumbani. Si kosa lako. Mimi nipo, nami nitakutunza."

Je, ni upungufu wa imani?

Swali hili huwatesa wengi wa wasomaji wetu, nasi hatuwezi kulikwepa. Yuko mama asemaye, "Kila jioni katika rozari nataja saa ya kufa kwangu, mbona ikinijia moyoni natetemeka? Huenda sisali kwa kweli." Na akumbuke bustani ya Gethsemani. Bwana wetu mwenyewe, usiku ule wa kabla ya mateso, alihuzunika, jasho likamtoka, akawaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Hakuona haya kuogopa, wala hakuificha hofu yake kwa wale aliowapenda. Kutetemeka ni kazi ya mwili, na mwili hauungamishwi kwa kazi yake. Sala humsaidia mtu akae katika wimbi, lakini haikuwekwa mahali pa mganga, kama vile haikuwekwa mahali pa jembe. Mwenye hofu asali, tena apimwe, tena azifuate hatua zake.

Na mwezi wa Novemba, familia ziendapo kuyasafisha makaburi na kuwaombea marehemu, mwenye hofu asiachwe nyumbani kwa huruma isiyofaa. Apewe fyekeo kama wengine. Mkono wenye kazi hutetemeka kidogo kuliko mkono mtupu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Twawaomba baba na mama wayasome maswali haya pamoja na watoto wao wakubwa baada ya chakula cha jioni.

Katika nyumba yetu yuko nani ambaye amenyamaza na hofu yake, na tumempa nafasi ya kusema? Tumeahirisha kipimo gani kwa sababu twaogopa jibu? Watoto wetu tumewaambia nini juu ya ndugu waliokufa, na je, ni kweli? Nikifa mwaka huu, mke wangu na watoto wangu wanajua watakaa wapi?

Wasomaji wapenzi, sote tutakufa. Hilo halikuhitaji gazeti kulitangaza. Lakini baba yule wa Muleba hakufa usiku ule aliodhani anakufa, wala usiku uliofuata. Kilichokufa ni safari yake kwa dada, ni nafasi yake matangani kati ya jirani zake, ni usingizi wa mkewe. Hivyo vyote vyaweza kufufuka, hata kuanzia jioni hii, iwapo atamwambia mtu mmoja neno moja la kweli. Na wewe usomaye, ikiwa kipimo ulichoahirisha kiko zahanati, kesho asubuhi nenda. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mtu akusindikize.